Mbuzi wa Mfadhili Asiyetajwa

Mimi nikipenda, hupenda kwa ukaidi. Ndivyo nilivyompenda Kyule kwa miaka mitatu, na ndivyo nilivyowapenda punda kumi na tisa ambao wenye mali waliwatupa barabarani siku walipochoka kubeba.

Kyule na punda wangu walielewana vizuri. Yeye ana duka la dawa za mifugo pale Sultan Hamud, na tulijuana siku niliyoingia nikitafuta dawa ya kidonda, nikiwa na damu ya punda mpaka kwenye viwiko. Wanaume wengine wangerudi nyuma. Yeye alitoka nyuma ya kaunta na beseni la maji, akaninawisha mikono mwenyewe, polepole, kidole kwa kidole, ndipo akauliza, "Ni punda ametoka damu, ama ni mtu umeua?" Nilirudi Mbumbuni jioni hiyo na dawa niliyoisahau kuilipia, na moyo ambao haukuwa wangu tena.

Aliyenikataa ni mama yake. Aliitwa Syokau, mfanyabiashara wa mbuzi kule Kanyangi, upande wa Kitui. Sikuwa nimemtia machoni hata siku moja, kwa sababu alikuwa amekataza nisifike kwake. Ujumbe wake ulinifikia mara moja tu, kupitia kwa mwanawe: "Mwambie huyo mwanamke wa punda, mimi sijakataa mkwe. Nimekataa zizi."

Nililia kidogo, nikacheka kidogo, halafu nikamwambia Kyule neno moja. Kwetu Ukambani, mwanamke hata azae watoto kumi, kama mbuzi wa ntheo hawajafika kwa baba yake, bado ni msichana wa kwao. Ni mbuzi watatu, na huletwa na wanaume wa ukoo wa mume. Wakipokewa, mambo yamekwisha, wewe ni mke wa mtu. "Usilete mbuzi kwa baba bila baraka ya mama yako," nilimwambia. "Ukileta, nitawarudisha." Kyule aliniangalia kwa yale macho yake ya usingizi, akaitikia kwa kichwa. Mwanamume kuitikia kwa kichwa na mwanamume kukubali ni vitu viwili, ila hilo nilikuja kulijua Jumamosi ya harambee.

Harambee yenyewe ilikuwa ya kulisha wanyama. Mvua ya Machi ilitupita ikaenda kunyeshea wengine, na kufika Agosti hapakuwa na jani Mbumbuni nzima. Nilihitaji laki moja na elfu ishirini za kununua marobota ya nyasi mpaka mvua ya Novemba. Nisipopata, ningelazimika kuwagawa wale punda kwa watu, na watu ningewapata wapi ila walewale wa kuwabebesha mpaka waanguke?

Kanisa lilinipa uwanja na tenti mbili. Boma langu la wanyama linapakana na uwanja huo, na nyumba ya baba yangu, mzee Kilonzo, iko nyuma yake. Dikoni Mutisya alishika maiki. Kabla ya saa nne watu walikuwa wameanza kunung'unika, kwani harambee ya punda haikuwa imeonekana tangu dunia iumbwe.

"Watoto hawana karo, na tunachangia punda?" mzee mmoja aliuliza kwa sauti.

"Mzee, swali zuri," Mutisya akamjibu kwenye maiki. "Mwaka ule wa ukame, maji kutoka mtoni ilifika kwako ikitembea yenyewe?"

Watu wakacheka, na mzee akatoa mia mbili. Mutisya ni mtu wa kukucheka mpaka utoe pesa ukimshukuru.

Nilipokwenda bomani kuona kama maji yapo, nilimkuta mama mmoja amesimama kando ya ua. Alikuwa wa makamo, amejifunga leso kiunoni na kitambaa cha zambarau kichwani, viatu vyake vimejaa vumbi la safari. Alikuwa ameingiza mkono uani, anamshika shingo punda wangu mzee, jike lenye jicho moja.

"Wewe ndiwe mwenye hapa?" aliuliza bila kugeuka.

"Ni mimi, mama. Karibu sana."

"Huyu alikatwa na nini hapa mgongoni?"

"Mkokoteni. Waliufunga na waya. Waya uliingia mpaka nyama, na mwenyewe akamwacha pale darajani akaenda kununua mwingine."

Alimfunua punda mdomo, akatazama meno kama mtu anayesoma barua. "Huyu amepita miaka ishirini. Amebeba maji ya watu wengi."

"Unajua punda, mama."

"Nilikuwa na mmoja." Alimwachilia yule punda mdomo. "Bwana yangu alipokufa, huyo punda ndiye alibaki kuwa bwana wa nyumba. Tulikuwa tunauza maji, mtungi shilingi tano. Alisomesha mtoto wangu."

"Aliishia wapi?"

"Alianguka njiani, na mitungi minne mgongoni. Sikuwa na nafasi ya kulia. Nilitoa mitungi, nikabeba miwili, nikarudi kuchukua hiyo mingine."

Nilisimama karibu naye tu. Kuna watu ambao huzuni yao haitaki pole. Baadaye kidogo aligeuka, akanikagua kuanzia gambuti zangu zenye mavi mpaka nywele.

"Na wewe, uko na bwana?"

"Niko na mtu, mama. Bado hatujaoana."

"Shida ni nini? Ni mlevi?"

"Hapana. Mama yake hanitaki."

"Ah." Alishika leso yake. "Na wewe huyo mama yake unamwonaje? Ni mtu mbaya?"

Ningeweza kumsema Syokau pale mpaka jua lizame. Mgeni mwenye masikio mazuri ni hatari. Lakini nilikuwa nimeshamtazama yule mama akimpapasa punda wangu, na maneno yaliyotoka ni mengine.

"Simjui, mama. Lakini nafikiri ningekuwa yeye, hata mimi ningekataa. Amelea kijana peke yake, amemfikisha mahali, halafu anakuja msichana ananuka punda anamchukua. Ningekataa kabisa."

Aligeuka tena kwa yule punda. "Umesema ukweli," alisema mwisho. "Hata mimi ningekataa." Akaenda zake kukaa kwenye tenti.

Mnada ulianza saa saba. Kila harambee ya kwetu ina mnada wake, kwa sababu asiye na pesa huleta alichonacho. Kando ya ua wa kanisa palikuwa pamewekwa jogoo wanne, gunia la mbaazi, maboga na debe la asali. Katikati ya vitu hivyo walikuwa wamefungwa mbuzi watatu, weupe, wanene, wamesuguliwa mpaka wanang'aa. Sikujua walitoka wapi. Mutisya naye hakujua. Alikuwa ameuliza huku na huku, hakuna aliyejitokeza, naye kwa kuwa ni mtu wa imani akahitimisha kwamba kuna mtu ametoa kwa unyenyekevu.

"Ndugu zangu!" alinguruma. "Jogoo wamekwisha, sasa tunaingia kwa mambo ya wazito. Mbuzi watatu! Na aliyewaleta hataki jina lake litajwe. Huyo ni Mkristo! Nyinyi wengine mkitoa boga moja mnataka pasta atangaze!"

Watu walipiga makofi. Baba yangu, aliyekuwa mwenyekiti wa siku hiyo, alipiga makofi kuliko wote. Mimi, na hili nalisema kwa aibu, nilisimama juu ya benchi nikapiga vigelegele.

Nzilani, mwenye hoteli ya hapo sokoni, alianza na elfu kumi na tano. Mzee mwingine akasema kumi na nane. Nzilani akasema ishirini na tano, akajipepea akijua amemaliza kazi.

"Thelathini," ilisema sauti kutoka nyuma. Ni yule mama wa kitambaa cha zambarau.

"Thelathini na mbili," Nzilani akajibu.

"Thelathini na tano."

"Mama, hao ni mbuzi watatu tu!" Nzilani alipaza sauti.

"Ni watano. Huyo jike wa kulia ana mimba ya pacha, na wewe hujaona kwa sababu umezoea kuwaona kwa sufuria."

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Nzilani alipanda hadi thelathini na saba kwa hasira, mama akasema thelathini na nane, na Mutisya akapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yule mama alifungua fundo la leso yake akatoa noti, akazihesabu mbele ya watu, akaenda zake kuwafungua mbuzi wake. Nilitaka kumkimbilia nimkumbatie. Elfu thelathini na nane ni nyasi za mwezi mzima.

Hapo ndipo pikapu iliposimama langoni na Kyule akashuka.

Alikuwa amevaa suti. Kyule, ambaye nimemjua kwa makoti ya dukani yenye harufu ya dawa ya kupe! Suti ilikuwa kubwa kwake mabegani, na shingoni alikuwa amejikata kidogo wakati wa kunyoa. Alinitafuta kwa macho katika watu wote wale, aliponipata akatabasamu. Kisha nikawaona wazee wawili nyuma yake wenye makoti na bakora, na mbele yao mzee Muthama, ndugu mdogo wa marehemu baba yake Kyule, anatembea kwa haraka kuelekea kwenye ua.

"Dikoni," Muthama alisema akigeuka huku na huku. "Nilifunga mbuzi wangu hapa saa tano. Kwa mzee Kilonzo kulikuwa kumefungwa, nikasema niwaache hapa kivulini nikachukue chai nikingoja hawa. Wako wapi?"

Uso wa Mutisya uling'aa. "Kumbe ni wewe! Watu wa Mungu, mfadhili amepatikana! Mzee, mbuzi wako wameuzwa elfu thelathini na nane. Mpigieni makofi!"

Makofi yakalia. Muthama alibaki mdomo wazi.

"Wameuzwa? Mfadhili gani? Hao ni mbuzi wa ntheo!"

Makofi yakakatika. Watu walimtazama Muthama, wakamtazama Kyule na suti yake, halafu mmoja baada ya mwingine wakageuka kunitazama mimi, niliyekuwa bado juu ya benchi.

Nilishuka, nikamshika Kyule mkono, nikamvuta mpaka nyuma ya tenti, mahali lori dogo la kubebea viti lilikuwa limeegeshwa.

"Kyule, nilikuambia nini?"

"Mbinya, ni miaka mitatu."

"Sijauliza miaka. Nimeuliza nilikuambia nini."

Aliinamisha kichwa. "Ulisema nisilete mbuzi kabla mwaitu hajakubali."

"Na amekubali?"

"Hatakubali! Wewe humjui. Mwaitu akisema hapana, hata mvua hungoja. Nikasema leo wazee wenu wako pamoja, nitaleta mbuzi, tumalize, halafu atazoea. Watu huzoea, Mbinya. Tutazeeka tukimngoja."

"Basi tuzeeke."

"Unasema hivyo kwa sababu umekasirika."

"Nasema hivyo kwa sababu nakupenda, mjinga wewe!" Machozi yalikuja na sikuyazuia. "Unafikiri sitaki? Mimi ndiye naamka asubuhi nikitengeneza kitanda cha mtu mmoja. Lakini Kyule, kazi yangu ni kuokota walioachwa njiani. Siwezi kuanza nyumba yangu kwa kumwacha mama ya mtu."

Alininyooshea mkono akaufuta uso wangu kwa kidole gumba, na nilimwacha, kwa sababu hasira yangu na mapenzi yangu havijawahi kujuana.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nitamrudishia yule mama pesa yake. Wewe chukua mbuzi wako urudi nao Sultan Hamud."

"Na nyasi?"

"Nitajua mwenyewe," nilisema, ingawa sikujua. Niliwaza ni punda yupi ningeanza kumtoa.

"Nani amesema anataka kurudishiwa pesa?"

Sauti ilitoka upande wa pili wa lori. Yule mama alisimama polepole, mkono mmoja ukiwa bado kwenye tumbo la mbuzi mwenye mimba. Kumbe alikuwa amechutama pale wakati wote. Nilifungua mdomo nimwombe radhi kwa fujo, lakini Kyule alinitangulia, naye alikuwa amebadilika rangi.

"Mwaitu!"

Sisi Wakamba kwa neno hilo tunamwita mwanamke mmoja tu, aliyetuzaa. Nilihisi ardhi ya Mbumbuni inasogea. Nilikumbuka kila neno nililomwambia kule bomani, nikakumbuka na mavi kwenye gambuti.

"Umevaa suti, Kyule," Syokau alisema. "Ya nani?"

"Ya ami Muthama."

"Niliona. Uliniambia leo uko na mkutano wa wenye maduka."

"Mwaitu, nisamehe. Nilitaka..."

"Ngoja. Huko bado hatujafika. Tuanze na pikipiki niliyokununulia."

Kyule alifumba macho. Mimi niliwatazama wote wawili. "Pikipiki gani?" niliuliza. "Ile iliyoharibika injini?"

"Aa, kwako iliharibika injini?" Syokau alinigeukia. "Kwangu iliibwa sokoni. Mwaka jana mwezi wa tisa. Nilienda polisi mara tatu. Kanisa yetu ilifunga Ijumaa mbili, hatuli, tukimwombea mwizi ashikwe na tumbo."

"Nilishikwa, mwaitu," Kyule alisema kwa unyonge. "Wiki mbili."

"Nyamaza! Halafu mwezi wa kumi na mbili mtu akaja kwangu kununua mbuzi ya Krismasi, na alikuja akiwa amepanda hiyo pikipiki. Na karatasi anazo, zenye sahihi yako. Akaniambia mwenyewe aliuza haraka kwa sababu msichana wake alikuwa anatafuta nyasi ya punda."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Kyule ilikuwa imefika hadi Kanyangi na kurudi. Septemba ya mwaka jana alikuwa ameniletea lori zima la nyasi, amesimama juu yake akicheka, akaniambia ni pesa za chama, zamu yake imefika. Nilimkumbatia mbele ya kijiji. Nilikuwa nimeikumbuka siku hiyo mara nyingi usingizi ukikataa, na sasa niliiona upya, na nyuma yake nikamwona mama mtu mzima amekaa kwenye benchi la polisi akingoja kuandikisha wizi ambao haukuwapo.

"Uliniambia ni chama," nilisema.

"Nikikuambia ungekataa."

"Na yeye ukamwambia imeibwa."

"Nikimwambia angekuchukia."

"Na sasa ananipenda?"

Nilimwacha, nikazunguka lori nikaenda kusimama mbele ya mama yake. Nilijua kwamba hapo, kati ya lori la viti na mbuzi watatu, maisha yangu yalikuwa yakikatwa vipande viwili, na kwamba hakuna neno tamu lingeniokoa.

"Mama," nilisema, "sikujua. Lakini hiyo nyasi ilikuja kwangu, na punda wangu waliila mpaka ikaisha. Wewe ulifunga ukikaa njaa, na sisi huku tulikuwa tunashiba kwa jasho lako. Nisamehe. Na pesa ya mbuzi nitakurudishia leo, yote."

Syokau alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga tena, taratibu, kama mtu anayetafuta muda.

"Unajua kwa nini nilikuja leo?" aliuliza. "Nilisikia kuna harambee ya punda, nikajua ni wewe. Nikalipa nauli nikuone, nikuchukie vizuri. Kuchukia mtu ambaye hujui sura yake ni kazi ngumu. Kila usiku unatengeneza sura nyingine."

Alimpapasa tena yule mbuzi mwenye mimba.

"Nikafika, nikakuuliza juu ya mama ya huyo kijana, nikijua utanitukana, nimalize nirudi nyumbani kwa amani. Ukasema ungekuwa mimi, hata wewe ungekataa." Alitikisa kichwa. "Sasa nimechutama hapa naangalia mbuzi wangu, nasikia unamfukuza mtoto wangu kwa sababu yangu. Msichana, unataka nikuchukie na nini? Imenishinda."

Sauti yake ilikatika kwenye neno hilo la mwisho. Alijifanya anakohoa, mimi nikajifanya naangalia mbuzi, na Kyule, ambaye hajui kujifanya, akalia waziwazi ndani ya suti ya ami yake.

Muthama na baba walitufikia hapo, na wazee wawili nyuma yao, na Mutisya nyuma ya wazee, maiki bado mkononi. Muthama alipomwona shemeji yake alitaka kurudi nyuma, lakini njia ilikuwa imejaa.

"Mimi nasema tumeharibu," mzee mmoja wa upande wao alianza. "Mbuzi wa ntheo hawauzwi sokoni. Hii ni kisirani. Twende nyumbani, tuje siku nyingine na wengine."

"Kisirani gani?" Syokau alimuuliza. "Mbuzi wa ntheo hutoka wapi?"

"Hutoka kwa nyumba ya mume."

"Na hawa wako mkononi mwa nani sasa?"

Mzee alimtazama, akatazama kamba tatu alizozishika. "Mwako."

"Nimenunua na pesa yangu, mbele ya kanisa yote. Asubuhi walikuwa mbuzi wa kijana mwenye kudanganya mama yake. Hao mimi ningewakataa hata kama mngewapokea. Sasa ni wangu. Pesa iko kwa sanduku ya punda na itakaa huko. Muthama, shika hizi kamba. Mwanamke hapeleki mbuzi, kwa hivyo peleka wewe, na usisimame kwa chai."

"Mbuzi wa msichana mmoja kununuliwa mara mbili," Mutisya alisema kwenye maiki, akisahau kwamba ilikuwa imewashwa, "hiyo Mbumbuni hatujawahi ona." Uwanja mzima ulisikia, na vigelegele vikaanza upande wa kina mama kabla hata hatujafika popote.

Tulienda kwa miguu, ni hatua chache tu hadi nyumbani kwetu. Baba aliketi kwenye kiti chake uani, mama yangu pembeni, wazee wa kwetu upande huu, wa Kanyangi upande ule. Muthama aliwasimamisha mbuzi katikati. Maneno ya salamu yalisemwa, marefu kama kawaida, kisha baba akaniita. Desturi ni lazima binti aulizwe mbele ya watu, ili kesho asije kusema aliuzwa.

"Mbinya," baba alisema. "Kuna wageni hapa wamekuja na mbuzi. Unawajua?"

"Nawajua, tata."

"Tuwapokee hawa mbuzi, ama tuwarudishe?"

Kyule alikuwa amesimama nyuma ya Muthama. Macho yalikuwa mekundu, tai imeenda upande, na alinitazama kama mtu aliyetoa vyote alivyokuwa navyo na hajui kama vimetosha. Nilimpenda pale kuliko siku ya beseni, na nilikuwa bado nimemkasirikia mpaka kwenye kucha. Alikuwa amenidanganya kwa mema. Lakini uongo wa mema nao una mtu unayemlaza njaa, na mtu huyo alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mama yangu, viatu vimejaa vumbi, mikono imetulia mapajani, akingoja jibu langu bila kunitazama. Nilimwona anakaza midomo. Nikaelewa kwamba anaogopa. Mwanamke aliyebeba mitungi minne ya punda wake mwenyewe alikuwa anaogopa kwamba mimi, mwanamke wa zizi, ningemkatalia mwanawe.

"Wapokee, tata," nilisema. "Lakini wazee wasikie vizuri. Nimemkubali mama yake kwanza."

"Na mimi?" Kyule aliuliza.

Nilimgeukia Syokau. "Tumkubali?"

Aliinua uso, akamtazama mwanawe kuanzia tai mpaka viatu, akachukua muda wake wote. Machozi yalikuwa yakimtiririka naye hakuyafuta.

"Tumchukue tu, mwanangu," alisema. "Tukimwacha nje, nani atamwokota?"